Kaskazi, Kusi na Mupepo: Maneno ya Upepo Katika Kiswahili Chetu cha Butembo na Beni



Mtu wa Butembo ao wa Beni akifika ugenini, na mwenyeji wake akimuuliza anatoka jimbo gani, anajibu bila kufikiri: "Natoka Kivu ya Kaskazini." Jina hilo tunalitaja kila siku, shuleni, kwa ofisi, katika sala, hata kwenye mabarua ya harusi. Lakini ni wachache kati yetu waliokwisha kujiuliza ndani ya jina hilo muko nini. Muko upepo. Tena ni upepo wa mbali, upepo wa Bahari ya Hindi, uliokuwa ukisukuma majahazi kutoka Arabuni na Uhindi mpaka Mombasa na Unguja, zaidi ya kilomita 1000 kutoka hapa kwetu.

Namna gani upepo wa bahari ulipanda milima na kuwa jina la jimbo lisilo na bahari? Na sisi, tuliopokea jina lake, tunayo maneno gani ya upepo unaotupiga wenyewe? Katika kurasa hizi tunataka kufuata maneno hayo moja moja. Tutaona kwamba kazi hii inagusa manjanja ya nyumba zetu, mitumbwi ya ndugu zetu wavuvi, na hata amani kati ya jirani na jirani.

1. Ukoo wa neno upepo

Tuanze na neno lenyewe. Katika vitabu tunaandika upepo. Kwa midomo yetu hapa tunasema mupepo, na hakuna haya ndani yake. Kama vile tunavyosema mutu, muti na mukate, tunapenda kuitamka ile u kamili. "Mupepo iko mingi leo." "Mupepo imebeba manguo." Mtoto mdogo anaelewa mara moja.

Neno hili lina ukoo mkubwa. Mama akiwasha mbabula asubuhi, anapepea makala mpaka yawe mekundu. Akitaka kusafisha maharagi, anayapepeta kwa lungo, na makapi yanaruka yenyewe. Bendera ya shule inapepea juu ya mlingoti. Karatasi ya mwanafunzi inapeperuka. Mtu aliyechoka ao aliyekunywa kupita kiasi anapepesuka njiani. Mdudu mwenye mabawa mazuri anaitwa kipepeo, na chombo cha kupepea moto nacho kipepeo. Wote hao ni watoto wa mzazi mmoja: kitu chepesi kinachokwenda kule hewa inakotaka.

Mzazi huyo hakuzaliwa pwani peke yake. Katika Kinande, embeho ni baridi. Wanyarwanda wanasema imbeho, nao wanataka kusema baridi. Waganda wanasema empewo, na kwao neno hilo moja ni baridi na ni upepo pia. Weka maneno hayo kando ya pepo ya Waswahili, utaona sura ya ukoo: pale Mswahili anapotia p, sisi tunatia h na Mganda anatia w. Ni neno la zamani sana la Wabantu, lililotembea na watu kabla Kiswahili hakijaitwa Kiswahili.

Hapo tunaona jambo moja la kupendeza. Pwani ni nchi ya joto, na upepo kule ni msaada. Mtu wa Mombasa jioni anatoka inje kupunga upepo, na mbingu ya wenye haki anaiita peponi. Wengi wanalieleza neno hilo kama mahali penye pepo nzuri. Lakini sisi Butembo tunakaa kwenye mita zaidi ya 1700 juu ya bahari. Usiku wa kwetu mtu anatafuta blanketi. Ndiyo maana upande huu neno lile lile liligeuka kuwa jina la baridi. Pwani lilikuwa raha, mlimani likawa sababu ya kukaa karibu na moto. Neno ni moja, lakini kila nchi ililivalisha nguo yake.

2. Pepo mbili za bahari

Sasa tushuke mpaka baharini. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wana pepo mbili kubwa. Ya kwanza ni kaskazi. Inavuma kutoka upande wa Arabuni na Uhindi, tangu karibu mwezi wa 12 mpaka mwezi wa 3. Ya pili ni kusi. Inavuma kutoka kusini, tangu karibu mwezi wa 4 ao wa 5 mpaka mwezi wa 9 ao wa 10. Kwa muda wa mamia ya miaka biashara yote ya bahari ile ilitegemea pepo hizo mbili. Jahazi lilishuka na kaskazi, likileta nguo, tende na vyombo. Lilingoja pwani. Kisha lilirudi na kusi, likibeba pembe za ndovu, boriti za mikoko, na katika nyakati za uchungu, watumwa, wengi wao wakiwa watu waliotolewa bara.

Nahodha hakuweza kubishana na upepo. Aliyechelewa kuondoka, kama kusi limekwisha, alibaki ugenini mpaka upepo mwingine. Ndiyo maana kwa watu wale neno kaskazi lilikuwa na kazi tatu kwa mara moja: lilikuwa jina la upepo, lilikuwa jina la kipindi cha mwaka, na lilionyesha upande wa dunia ambako upepo ule unatoka. Kusi vilevile. Ukitia -ni mwisho, kama vile tunavyosema nyumbani na sokoni, unapata kaskazini, mahali pa kaskazi, na kusini, mahali pa kusi.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Katika lahaja za pwani ya juu, kule Lamu, kulikuwa na desturi nyingine. Kaskazini waliita kibla, sababu Mwislamu wa pwani akisali anaelekea upande huo, kuelekea Maka. Kusini waliita suheli, jina la nyota kubwa inayong'aa upande huo. Kumbe watu wengine waliipima dunia kwa sala na nyota, wengine kwa upepo. Sisi wa Kongo tulirithi kipimo cha upepo.

Mabaharia hawakuwa na maneno hayo mawili tu. Wakati pepo mbili zinapoachiana nafasi, upepo unalegea na kugeuka-geuka, na chombo kinaweza kwenda juu ao chini. Kipindi hicho waliita tanga mbili. Upepo unaotoka mashariki waliita matlai, kutoka neno la Kiarabu la mahali jua linapochomoza. Ule mtulivu, unaoburudisha bila kutisha, ni upepo mwanana. Upepo ukikoma kabisa na maji yakilala kama kioo, waliita shwari. Neno hilo tulikumbuke, tutarudi kwake mwishoni.

Hata neno msimu lina harufu ya bahari. Linatoka Kiarabu, mawsim, wakati uliowekwa, na mabaharia walilitumia kwa majira ya safari zao. Wareno walilichukua, likapita mpaka kwa Wafaransa likawa mousson. Basi mwalimu wa jiografia wa Butembo anapoandika ubaoni mousson, na mkulima wa Lubero anapongoja msimu wa kupanda, wanatumia neno moja bila kujuana.

3. Maneno yanapanda bara

Namna gani maneno hayo yalifika kwetu? Yalipanda pamoja na misafara. Kutoka Bagamoyo wachukuzi na wachuuzi walikwenda Tabora, kisha Ujiji. Pale walivuka Ziwa Tanganyika, na juu ya ziwa lile matanga yalikuwa bado na kazi. Kisha waliingia Maniema, mpaka Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba, ambako Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alikuwa na nguvu nyingi kabla ya Wabelgiji. Watu wa Manyema waliendelea mpaka porini Ituri. Stanley alipopita kule mwaka wa 1887 aliwakuta Ipoto, wakitafuta pembe za ndovu. Kwa wazee wa huku misafara ile haikuwa ya biashara tu. Iliacha pia vijiji vilivyochomwa na watu waliobebwa wasirudi.

Baada yao ukoloni, misioni, kampuni za madini kama vile Minière des Grands Lacs, na soko, vyote vilieneza Kiswahili. Leo Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka wa 2006 inakitaja kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba.

Lakini neno ni kama mzigo wa mchukuzi: njia ikiwa ndefu, kile kisichohitajika kinaachwa njiani. Kaskazini na kusini yalifika mpaka huku sababu mwalimu aliyahitaji kwa kuchora karte, na serikali iliyahitaji kwa kugawa nchi. Mwaka wa 1988, Kivu ya zamani ilipogawanywa mara tatu, tukapata Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Kaskazi yenyewe, ile inayovuma, ilibaki pwani. Matlai ilibaki. Tanga mbili ilibaki. Nani angeyabeba? Hakuna jahazi linalopanda mlima.

Matokeo yake tunayaona kila siku. Upepo mdogo wa asubuhi, mupepo. Upepo wa vumbi katika njia kuu, mupepo. Upepo uliotoa manjanja juu ya darasa, mupepo. Neno moja linafanya kazi ya maneno kumi. Tukitaka kuongeza nguvu tunaongeza sauti tu: "mupepo ya nguvu", "mupepo mingiii!" Siku hizi wengine wanaruka moja kwa moja mpaka neno kubwa walilolisikia katika redio: kimbunga. Hapo ndipo shida inapoanza.

4. Upepo wa kwetu unatoka wapi?

Kwanza tujue upepo wetu ni nini. Mstari wa ikweta unapita chini ya kilomita 20 kusini ya mji wa Butembo. Kaskazi na kusi hazituongozi kama zinavyomwongoza mtu wa pwani. Mkulima wetu anahesabu mwaka kwa mvua: sezo A, tangu mwezi wa 9, na sezo B, tangu mwezi wa 2 ao wa 3. Upepo kwake ni jambo la saa, si jambo la miezi. Inafaa tutaje pepo zetu tatu.

Ya kwanza ni ile ya mlima na bonde. Mchana jua linapasha joto migongo ya milima, hewa inakuwa nyepesi na kupanda kutoka bondeni. Usiku milima inapoa, hewa nzito ya baridi inashuka. Ndiyo sababu mtu anayejenga chini katika bonde analalamika juu ya baridi ya alfajiri kuliko jirani yake aliye juu kidogo.

Ya pili ni ile ya ziwa. Ndugu zetu wa Kyavinyonge, kwenye ukingo wa kaskazini wa Ziwa Edouard, wanaijua vizuri. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda inchi kavu, usiku unatoka inchi kavu kwenda ziwani. Watu wa pwani nao wana upepo wa namna hiyo, ule unaotoka bara mapema asubuhi na kusaidia ngalawa kutoka. Mvuvi wa Kyavinyonge na mvuvi wa Pemba hawajaonana, lakini upepo umewafundisha somo moja.

Ya tatu ndiyo ya hatari. Ni upepo unaotangulia mvua. Wingu kubwa jeusi likisimama, ndani yake mvua na barafu zinaanza kuanguka na kusukuma hewa ya baridi kuelekea chini. Hewa hiyo ikigonga udongo haina mahali pa kwenda, inatawanyika kwa nguvu pande zote. Ndiyo maana dakika chache kabla ya matone ya kwanza tunasikia baridi ya ghafula, vumbi linasimama, milango inagonga. Mama anapiga kelele: "Ingizeni manguo, mvua iko nakuya!" Hakosei. Ule ubaridi ndio mjumbe. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Sisi tunaongeza kwamba dalili ya upepo wa hatari ni baridi ya ghafula chini ya wingu jeusi.

Kwa mtu aliye ndani ya nyumba imara, dakika hizo ni za kufunga madirisha. Kwa mvuvi aliye katikati ya ziwa ndani ya mtumbwi, zinaweza kuwa za mwisho. Kwa mtoto anayetoka shule akipita chini ya mikaratusi mirefu ile iliyojaa kwenye vilima vya Butembo, vilevile. Basi upepo huu unastahili jina lake. Sisi tunapendekeza lile ambalo wengi wanalitumia tayari bila kujua lina thamani gani: mupepo ya mvua. Jina hilo linasema chanzo, na linasema nini kinafuata.

5. Kimbunga hakifiki hapa

Sasa turudi kwa lile neno la redio. Kimbunga katika Kiswahili cha wataalamu wa hali ya hewa ni upepo mkubwa unaozunguka, unaozaliwa juu ya bahari ya joto, wenye upana wa mamia ya kilomita, unaodumu kwa siku nyingi. Tarehe 15 mwezi wa 4 mwaka wa 1872 kimoja kilipiga Unguja, kikavunja majahazi bandarini na kung'oa mikarafuu mingi, hata Pemba ikachukua nafasi ya kwanza katika karafuu. Mwezi wa 3 mwaka wa 2019 kimbunga Idai kilipiga Beira, Msumbiji, na mamia ya watu wakafa.

Upepo wa namna hiyo unahitaji vitu viwili ambavyo sisi hatuna. Cha kwanza ni bahari. Cha pili ni mzunguko wa dunia, ambao ndio unaoufanya upepo uzunguke. Karibu na ikweta nguvu hiyo ni ndogo sana, na kwa kawaida vimbunga havizaliwi ndani ya digrii 5 za ikweta. Butembo haifiki hata digrii moja. Beni nayo haifiki.

Mtu atasema: "Jina lina maana gani? Nyumba imekwisha kuanguka." Lina maana kubwa. Tukisema kimbunga, tunataka kusema jambo kubwa kuliko binadamu, lisilozuilika, na tunakunja mikono. Tukisema mupepo ya mvua, tunajua ni upepo wa dakika chache, wa eneo dogo, na tunaweza kuuliza maswali. Je, manjanja yalifungwa kwa misumari ya kutosha? Mbao zilifungwa vizuri juu ya ukuta? Paa limetoka inje ya ukuta kupita kiasi, hata upepo ukapata mahali pa kulishika na kulifunua? Juu ya nini miti iliyokinga shule ilikatwa yote kwa kufanya makala? Kimbunga hakiulizwi maswali. Mupepo ya mvua inaulizwa.

Vilevile tusichanganye kimbunga na kisulisuli. Kisulisuli ni ule upepo mdogo wa kiangazi unaozunguka uwanjani, ukibeba vumbi, majani na sashe za plastiki, kisha unapotea. Watoto wanaukimbilia wakicheka. Na tufani, kutoka Kiarabu, inakumbusha gharika ya Nuhu. Ndani yake muko maji mengi pamoja na upepo. Zoruba, ile ambayo pwani wanaandika dhoruba, ni upepo mkali unaochafua maji, na neno hilo linawafaa wavuvi wa ziwa letu.

6. Kupima upepo kwa macho

Kumbe watu wengine walifanya nini kwa kutofautisha pepo? Zaidi ya miaka 200 iliyopita, mwaka wa 1805, baharia mmoja wa jeshi la Uingereza, Francis Beaufort, aliweka ngazi ya upepo tangu 0 mpaka 12. Hakutumia mashine. Alitazama upepo unafanya nini kwa matanga ya meli. Baadaye wengine walitafsiri ngazi hiyo kwa vitu vya inchi kavu, na ngazi ya 12 ni upepo wa kilomita karibu 118 kwa saa na zaidi.

Sisi tunaweza kufanya hivyo kwa vitu vya kwetu. Moshi wa mbabula ukipanda wima, hakuna upepo. Moshi ukilala upande mmoja, ni kaupepo kadogo. Majani ya migomba yakianza kusema, ni upepo mwanana, na mama anaweza kumwaga maharagi yake kutoka juu ili makapi yaruke. Vumbi na karatasi vikisimama, ni upepo wa kati. Migomba ikichanika majani na matawi ya mikaratusi yakiyumba, ni upepo mkali: mvuvi asitoke, na aliye ziwani arudi. Matawi yakianza kuvunjika, watoto wasiwe chini ya miti. Manjanja yakianza kulia na kunyanyuka, ni zoruba, na watu wakae mbali na kuta za udongo.

Ngazi hiyo haihitaji mashine wala pesa. Inahitaji macho, na maneno ambayo watu wote wanaelewa namna moja. Mwalimu anaweza kuifundisha kwa somo moja, na mzee anaweza kuieleza jioni katika kyaghanda, pale watu wanapokaa kuzunguka moto.

7. Upepo na pepo

Kuna jambo zito zaidi. Katika Kiswahili, wingi wa upepo ni pepo. Lakini pepo ni tena jina la roho zisizoonekana. Makanisani tunasikia kila juma "kufukuza pepo". Maneno hayo mawili yanakaa karibu sana, na si Waswahili peke yao walioyaweka hivyo. Katika Kiebrania cha Biblia neno ruah linaweza kuwa upepo, pumzi ao roho. Kitu kisichoonekana lakini kinachosukuma, binadamu wa kila nchi amekiona kama jamaa wa roho.

Fikra hiyo ni nzuri kwa sala. Inageuka mbaya pale tunapotafuta wa kushitaki. Upepo ukitoa paa la mtu mmoja na kuacha nyumba ya jirani yake, tunasikia mara moja: "Juu ya nini yeye peke yake? Mupepo hii haikukuya bure. Kuna mutu aliituma." Radi ikipiga, vilevile. Kisha macho yanageuka kwa bibi mzee anayekaa peke yake. Wazee wengi wa kwetu wamekwisha kufukuzwa, kupigwa, hata kuuawa, kwa maneno ya namna hiyo.

Hapa ujuzi wa maneno ni ulinzi. Upepo unaoshuka kutoka katika wingu la mvua unaweza kupiga upande mmoja wa mtaa na kuacha mwingine. Nyumba iliyo kwenye mgongo wa kilima inapigwa kuliko ile iliyo nyuma ya miti. Msumari wenye kutu unatoka kabla ya msumari mpya. Anayejua hivyo hatamtafuta mchawi, atatafuta fundi. Sisi tunaheshimu desturi za mababu, na ndiyo kazi ya chama chetu. Lakini kumshitaki mama mzee juu ya upepo hakulindi desturi yoyote.

8. Shwari si amani

Tunamalizia na lile neno tuliloliweka kando. Katika habari tunasikia: "Hali ni shwari." Tangu mwezi wa 10 mwaka wa 2014, mauaji ya raia yalipoanza kurudiarudia katika eneo la Beni, watu wetu wamelisikia neno hilo mara nyingi, ao lile lingine, "hali ya hewa imechafuka". Maneno ya upepo yamekuwa maneno ya usalama.

Tukumbuke shwari kwa baharia ni nini. Ni maji yaliyolala kwa sababu hakuna upepo. Chombo hakizami, ni kweli. Lakini chombo cha tanga hakiendi popote. Watu wanakaa juu ya maji, chakula kinapungua, wanatazama upande wa juu na upande wa chini, hawajui upepo utakaokuja ni wa kuwapeleka nyumbani ao wa kuwavunja. Mkulima wa Beni anayesikia kwamba hali ni shwari, lakini hathubutu kufika kwa shamba lake la kakao, amelielewa neno hilo sawasawa na nahodha wa zamani. Amani ni kitu kingine. Amani ni kufika.

Basi anayesema shwari asifikiri amesema amani, na anayeisikia asiache kuuliza: sawa, hakuna upepo leo. Safari itaendelea lini?

Kumalizia

Ndugu wasomaji, tulianza na jina la jimbo letu, tukakuta ndani yake upepo wa watu wengine. Hatuoni haya. Jina hilo linatukumbusha kwamba njia kati ya bahari na milima ilitembelewa na miguu mingi, mingine ikiwa na minyororo. Lakini hatuwezi kuishi kwa upepo wa wengine peke yake. Bendera hufuata upepo, ndivyo wanavyosema, na watu wasiojua pepo zao wanafanana na bendera.

Tunaomba kila jamaa ifanye jambo moja. Jioni, kabla ya kulala, waulizeni wazee wa nyumbani: upepo wa kilima chetu mliuitaje? Ule wa kabla ya mvua? Ule wa kupepeta? Ule wa baridi ya alfajiri? Andikeni maneno hayo kwa Kinande ao kwa Kiswahili, namna wazee wanavyoyatamka, na mtuletee. Waulizeni wavuvi, waulizeni mafundi wa manjanja, na mama wanaopepeta. Wao ndio mabaharia wetu.